Mwana wa Simtu

Yeyote aliyepita darasani kwa mwalimu wetu wa Historia, awe leo ni wakili au anauza mafuta ya taa, anaweza kukutajia kwamba zamani za kale huko Ashuru walitawala wafalme saba ambao hawakuwa na baba. Wa kwanza wao aliitwa Ashur-dugul. Habari hizo hazikuwamo kwenye muhtasari wa wizara, wala mtihani wa taifa haukuwahi kuziuliza. Mkaguzi mmoja aliyekuja shuleni kwetu alimwuliza waziwazi Ashuru inawasaidia nini watoto wa wakulima wa tangawizi. Mwalimu wa Historia akamjibu kwa upole, "Inawasaidia kujua kwamba tatizo hili halikuanza Upare." Mkaguzi hakuelewa. Mimi nilikuwa nafundisha Hisabati chumba cha pili, na siku ile sikuelewa pia.

Sitaanza na kuzaliwa kwake. Mwenyewe hakukujua vizuri, na watu waliotaka kumwanzia huko ndio waliomwumiza. Niseme tu kwamba alikuwa mrefu, mwembamba, ana kaunda suti moja ya rangi ya udongo aliyoifua kila Jumamosi na kukaa ndani mpaka ikauke. Upepo wa Same hukausha nguo haraka, kwa hiyo kifungo chake hakikuwa kirefu. Ukipita nje ya nyumba yake saa hizo ungemsikia akijisomea kwa sauti, akijiuliza maswali na kujijibu. Wanafunzi walisema ana wageni, nasi walimu tulijua hana.

Shule yetu ilikuwa juu kidogo ya mji, pale barabara ya milimani inapoanza kupanda. Wanafunzi waliijua Ashuru kutoka kwenye Biblia, maana wengi walikuwa watoto wa Walutheri na Wakatoliki, na walichojua ni kwamba Waashuru walikuwa watu wabaya waliochapwa na Bwana. Yeye aliwaambia wasahau vita kwanza. Akawaeleza kwamba waandishi wa kule walipanga majina ya wafalme wao tangu wa kale, fulani mwana wa fulani, fulani mwana wa fulani, mstari juu ya mstari. Walipofika kwa Ashur-dugul, mkono ukakwama. Wakaandika kwamba huyu alikuwa mwana wa si mtu, asiyestahili kiti. Halafu wakatajwa wengine sita waliopokezana kiti wakati huohuo, na kila mmoja alikuwa vilevile, mwana wa si mtu.

Maneno hayo aliyahangaikia sana. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, na alinisumbua wiki nzima ofisini kuhusu namna ya kuyasema kwa Kiswahili. Nilimwambia aseme mtoto wa haramu yaishe. Akakataa, akasema haramu ni hukumu, na mwandishi hakuhukumu kuzaliwa kwake, alisema tu kwamba upande wa baba hakuona mtu. Nikamwambia mimi ni mtu wa hesabu, kwangu hiyo ni sifuri. Alinitazama akasema, "Sifuri nayo inaandikwa, Madam."

Sasa sikiliza yaliyotokea. Alipotoa zoezi, kijana mmoja wa Bombo, mwenye akili lakini msikivu wa haraka haraka, aliandika: "Ashur-dugul alikuwa mtoto wa Mzee Simtu. Mzee huyu alijaliwa wana saba, wote wakorofi." Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akatupitishia daftari lile ofisi nzima. Mwalimu wa Kilimo akauliza huyo Simtu ni wa ukoo gani, maana jina linasikika kama la watu wa Mamba, tukazidi kucheka. Kisha nikamwona mwenyewe ameacha kucheka, amekaa na kalamu nyekundu mkononi, hajui aandike nini. Mwishowe akaweka alama ya vema. Nilipomwuliza kwa nini, akasema, "Huyu mtoto amewapa baba. Wenye nchi yao walishindwa."

Tangu hapo Simtu akawa mtu mashuhuri. Chaki ikipotea, kachukua Simtu. Sukari ya duka la kaya ikiisha kabla foleni haijasogea, watu wa Same walisema kauziwa Simtu. Ilikuwa miaka ya shida, sabuni ikionekana ni habari ya kwenda kumwamsha jirani, na watu wakikosa cha kula angalau hupata cha kucheka. Mwalimu alilitumia neno hilo kuliko sisi wote. Alikuwa akipata mche wa sabuni anaukata kwa uzi katikati, nusu anampelekea mke wa mpishi wa shule, na akiulizwa imetoka wapi hujibu imeletwa na Simtu. Kwa sabuni alikuwa karimu hivyo. Kwa vitabu alikuwa mchoyo wa kupindukia. Aliniazima kimoja mara moja tu, akaja kukichukua kesho yake kabla sijafika ukurasa wa kumi, akakaa kwenye kiti changu akisubiri nikitafute.

Alikuwa na ukinzani mwingine, na huu ndio ulionishangaza zaidi. Alizijua koo za Upare kuliko Wapare. Alipanda milimani likizo kwa miguu, Mamba, Bombo, vijiji vya huko ndani ambako hata bwana afya hafiki, akakaa na wazee akiwauliza nani alimzaa nani na walitokea wapi. Mzee akisema sisi tulitoka Taita, yeye huuliza kwa adabu ushahidi uko wapi. Wengine walikasirika, wengi walimpenda, maana watoto wao wenyewe walikuwa hawaulizi tena. Ilifika mahali watu wakigombana kuhusu nani mkubwa katika ukoo walimfuata yeye. Ukoo wa kwetu aliupanda mpaka vizazi ambavyo kaka yangu hakuvijua. Alipomaliza kututajia siku ile, mama alimkaribisha chakula, akamwambia, "Nawe tutajie wa kwenu basi." Akasema mboga ni tamu sana.

Na msaragambo je? Kwetu pembe ikilia asubuhi kila nyumba hutoa mtu, tunakwenda kuzibua mfereji au kutengeneza barabara iliyoliwa na mvua. Yeye hakuwa na shamba wala zamu ya maji, hakuna ambaye angemdai. Lakini pembe ikilia alifika wa kwanza na jembe lake, kaunda suti imepandishwa magotini. Wazee walimtania kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu kajipa mwenyewe. Alicheka nao. Maji yalipofunguliwa kila mtu alikwenda kwenye shamba lake kuyapokea, naye akabaki pale juu peke yake akiosha jembe. Nilimwona hivyo mara nyingi. Alichokuwa anataka ni kitu kimoja, na hakikuwa maji. Alitaka watu waseme huyu ni wetu.

Nadhani umeshaanza kunishuku, basi niseme. Ndiyo, alikuja kuniposa.

Alikuja nyumbani kwetu Mamba na mwalimu mkuu pamoja na mchungaji. Mimi nilikuwa jikoni, na ukuta wa mabanzi hauzuii sauti. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, si mkali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni sana. Mchungaji namjua, mwalimu mkuu namjua. Wa kwenu wako wapi?"

"Sina, mzee."

"Wametangulia?"

"Sijui. Baba alikuwa manamba kwenye mkonge huko chini. Walimwita kwa namba. Jina lake halikunifikia."

"Na hili unalotumia?"

"Ni la mnyapara aliyenipeleka shule. Aliulizwa huyu mtoto wa nani, akataja la kwake ili waliokuwa nyuma wasichelewe."

Nikasikia mchungaji akikohoa. Mashamba yale ya mkonge yalikusanya watu kutoka kila pembe ya nchi, na wengi walikufa au wakaondoka bila mtu kujua kwao wapi. Baba aliyajua hayo. Aliposema, alisema taratibu.

"Mwanangu, wewe sikukatai, nimekuona kwenye mfereji. Lakini binti yangu akikosewa, nimwendee nani? Na wewe ukikosewa hapa kwangu, nani atakuja kunikalisha chini?"

Nilisubiri nyuma ya ukuta ule ajibu, aseme lolote. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwalimu mkuu alikuwa amemshauri mapema kabisa watafute wazee wawili kule Makanya, wavae makoti, waje wajiite baba wadogo. Si jambo geni, watu wamefanya hivyo na ndoa zao zimedumu. Yeye alikataa. Nilimfuata ofisini Jumatatu, nikafunga mlango.

"Ungewakopa siku moja tu," nikamwambia. "Siku moja."

"Madam, nikiwakopa leo, watoto wetu watawarithi."

Nilikasirika sana. Sikukasirikia baba, nilimkasirikia yeye na ukweli wake. Nilitaka adanganye. Nilikuwa tayari kuishi na wakwe wa kukopa maisha yangu yote, niwapelekee hata kuku wa Krismasi huko Makanya. Ni zamani, lakini bado nina hasira kidogo, nikikutana na mtu anayejisifu kwamba hajawahi kusema uongo huwa namtazama vibaya.

Niliolewa na bwana shamba wa wilaya, mtu mwema, Mungu amrehemu. Mwalimu alikuja harusini akakaa na walimu wenzake, akala pilau, akatoa zawadi ya sufuria. Tuliendelea kufundisha ukuta kwa ukuta. Mume wangu alimpenda, na kila Krismasi alimwita mezani kwetu, wakabishana kuhusu mvua na wakoloni mpaka chai inapoa. Watoto wangu walimwita Mjomba. Mara ya kwanza walipomwita hivyo alitoka nje akakaa huko muda, akarudi akasema kuna vumbi.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Maduka yakajaa sabuni tuliyokuwa tukiiota, na sasa tukawa hatuna cha kuinunulia. Mkonge wa bondeni ukafa kabisa, mashamba yakafungwa, watu wa kambi wakatawanyika. Walimu tukawa wafanyabiashara. Mimi niliuza vitumbua, mwalimu wa Kilimo alifuga kuku wa kisasa, wengine walianza tuisheni na kuacha nusu ya somo wailipishe jioni. Yeye tuisheni hakuitaka. Akaingia kwenye mitumba, hasa makoti, kwa sababu watu wa milimani wanajua baridi. Siku za gulio ungemkuta amesimama nyuma ya rundo, na sauti yake ileile ya darasani. Mteja akiuliza koti hili lilikuwa la nani, anamjibu, "La Simtu, mama. Kuanzia leo ni lako, na mwanao atalirithi kihalali." Aliuza vizuri. Kwenye mifuko ya makoti yale alikuta tiketi za mabasi ya Ulaya na vifungo, na picha moja ya mtoto amekaa juu ya farasi. Hakuvitupa. Alisema mtu anaweza kuja kuviulizia.

Kuhusu Ashur-dugul alibadilika mawazo kadiri alivyozeeka, na hilo nalo nalisema kwa sababu wanafunzi wake wa mwanzo na wa mwisho hubishana. Wa mwanzo aliwafundisha kwamba mwandishi yule alikuwa anamtukana. Wa mwisho aliwaambia kwamba mwandishi alikuwa na nafasi ya kumruka kabisa na hakumruka. Wa saba katika wale, aliyeitwa Adasi, alipata mtoto, mtoto akapata watoto, wakatawala mpaka wafalme wakubwa wa baadaye wakaanza kujivuna kwamba wametoka katika uzao wake, na hakuna tena aliyeuliza babu yao ni nani. Wanafunzi walimpenda huyo, ni hadithi inayoishia pazuri. Yeye alibaki na Ashur-dugul. "Adasi ana wa kumsemea," aliniambia mara moja tukisimamia mtihani. "Yule mwingine, mtu akimwacha, basi." Nilimwambia anyamaze, watoto wanaandika.

Alipostaafu, nyumba ya shule ilitakiwa, akahamia chumba kimoja mjini nyuma ya soko. Mimi nami nilistaafu nikarudi Mamba kwenye tangawizi za marehemu mume wangu. Tulikuwa tunaonana nikishuka Same, si sana. Kisha wakaniambia anaumwa figo.

Nilimkuta mchana, upepo wa Same unagonga bati. Alikuwa amekaa kitandani amevaa koti, na joto lote lile. Nilimletea tangawizi na ndizi. Tuliongea kidogo habari za watoto. Halafu nikaona nisizungukezunguke, maana sote wawili tulikuwa watu wazima na daktari alikuwa ameshasema.

"Mwalimu, nimeongea na kaka. Baba hayupo tena, mwenye neno ni yeye, naye amekubali. Likitokea la kutokea tutakuleta Mamba. Utalala kwetu."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Mshukuru sana kaka. Lakini shimo si tatizo, Madam. Kanisa lina makaburi hapa, nimeshaongea na mchungaji."

"Sasa tatizo nini?"

Akaniuliza kama namkumbuka mlinzi wa shule, yule aliyetoka Kigoma. Nilimkumbuka. Alikufa mwaka niliokuwa nimejifungua, kwa hiyo sikufika mazishini.

"Watu walikuja wengi," akasema. "Alikuwa mtu mzuri. Tulipomaliza kuzika, wakapanga mstari wa kutoa pole. Mstari ukasogea mpaka mbele, na mbele hakukuwa na mtu. Mkeka umetandikwa, mtupu. Wakasimama pale na mikono yao, hawajui wampe nani. Mwishowe wakampa mwalimu mkuu, naye akasema si mimi, si mimi. Watu wakaona aibu wakaanza kuondoka." Akajifunika koti vizuri. "Hilo tu ndilo ninaloogopa. Mengine yote nimeyazoea."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi njiani, hilo sikuwa nimelifikiria.

"Nitakaa mimi," nikasema.

"Wapi?"

"Kwenye mkeka. Nitakaa mbele."

"Wewe ni mjane wa mtu, Madam. Watu watasema."

"Waseme."

"Watauliza unakaa kama nani."

"Nitakaa kama mfiwa. Anayetaka zaidi ya hapo aje aniulize nikiwa nimekaa."

Nje mwuza maji alipita anaita, akaenda zake. Kisha akateremsha miguu kitandani kwa shida, akavaa ndala, akasimama. Nikadhani anataka kwenda msalani nikainuka nimshike. Kumbe sivyo. Alifunga vifungo vya koti lake vyote, akausogeza mkono wangu katikati ya mikono yake miwili, akainamisha kichwa kama inavyofanywa.

"Pole sana, Madam," akasema. "Pole sana kwa msiba."

Kwetu mtu akipewa pole hujibu kwamba ameshapoa. Nimelijibu neno hilo kwa ajili ya baba, na kwa ajili ya mama, na kwa ajili ya mume wangu. Siku ile nilifungua kinywa, na yeye akanisubiri amesimama vilevile, na neno halikutoka.